Kompresa ya basi ya kujitengenezea: anza na waya usiopitisha sauti

Swali: Nimeshatengeneza kwa mkono wangu amplifaya ya hedifoni na pedali moja ya gitaa, na vyote vinafanya kazi. Sasa nataka kuunda kompresa ya stirio (kifaa cha kushusha sauti inapozidi) ya kuweka kwenye basi, yaani njia ya mwisho ambamo miksi nzima hupita, mfano wa ile ya meza kubwa za kuchanganyia sauti za Uingereza. Nina mchoro na bodi tupu. Je, nitafute VCA (vifaa vinavyopandisha na kushusha sauti kwa kuamriwa na volti) za zamani za kampuni ya dbx ili nipate sauti ile? Rezista za asilimia 1 zinatosha? Na nianzie wapi, nisije nikawasha siku ya mwisho nikakutana na moshi?

Jibu: Ndugu yangu, la VCA nalijibu kwanza maana naona ndilo lililokukaa rohoni. Usihangaike na za zamani. Nunua jozi ya chipu za THAT 2180, au 2181 kama uko tayari kurekebisha poti (rezista ya kuzungushwa) moja ndogo kwa kila chaneli, kisha endelea na kazi. Zile unazozisikia ni za miaka ya 1970. Zilizobaki nyingi zimeng'olewa kwenye mashine zilizotumika miongo kadhaa, huwezi kujua ipi imepitia joto gani, na kupata mbili zinazolingana ni bahati. Isitoshe, ukoo ni uleule. David Blackmer, mwanzilishi wa dbx, ndiye aliyebuni aina hii ya saketi na kupata hataza yake Marekani mwaka 1973. Wahandisi waliotoka dbx walianzisha THAT Corporation mwaka 1989 wakaendeleza kazi hiyohiyo. Chipu unayoinunua leo ni mjukuu wa ile ya zamani, na ina upotoshaji mdogo zaidi.

Ipo sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo nzito. Ile hali unayoitafuta, ngoma na besi na waimbaji kushikana mpaka wakapumua pamoja, kwa sehemu kubwa haitoki kwenye VCA. Inatoka kwenye njia ya pembeni, yaani ile sehemu ya saketi inayousikiliza muziki na kuamua upunguzwe kiasi gani, kwa haraka gani, na uachiwe lini. Muziki unaofika kwenye spika haupiti humo. Kinachotoka humo ni volti ndogo tu, inayosafiri kwenye waya mmoja hadi kwenye VCA mbili, na tabia ya mashine nzima imo ndani ya volti hiyo. Nimewaona watu wakibadilisha opampu (chipu za kukuza mawimbi) za njia ya sauti mara tatu, mara nne, wakitafuta "joto", huku kapasita moja ya muda inavuja na hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo pesa na uangalifu wako vipeleke kwenye huo waya usiopitisha sauti.

Uelewe kwanza VCA inataka nini. Transista ina sifa moja nzuri ajabu: ukiongeza volti kwenye mguu wake uitwao besi kwa hatua zilizo sawa, mkondo wake hauongezeki kwa hatua sawa, bali huzidishwa kwa kiwango kilekile kila hatua. Blackmer aliitumia sifa hiyo. Mkondo wa sauti hugeuzwa kuwa logariti, volti ya udhibiti hujumlishwa hapo, kisha logariti hurudishwa kuwa mkondo. Kujumlisha kwenye logariti ni kuzidisha kwenye sauti, na ndiyo sababu VCA hii huhesabu kwa desibeli moja kwa moja. Kwenye 2180, kila milivolti 6.1 chanya unazoweka kwenye pini ya 3 hushusha sauti desibeli 1. Milivolti 61 ni desibeli 10, na milivolti 122 ni desibeli 20. Ikariri namba hiyo, utaihitaji mbele.

Sasa tazama udogo wake. Milivolti 1 tu ya mvumo wa umeme ikiingia kwenye waya wa udhibiti, sauti yako nzima inayumba kwa desibeli 0.16, mara 50 au 60 kila sekunde. Huo si mvumo utakaousikia muziki ukinyamaza. Utausikia ndani ya muziki, kama ukungu fulani juu ya sauti ya mwimbaji, na utaulaumu kila kitu kabla ya kuulaumu waya ule. Ndiyo maana opampu ya mwisho ya njia ya pembeni ikae karibu kabisa na VCA, iziendeshe moja kwa moja bila rezista kubwa katikati, na waya wake usipite jirani na transfoma. Pini hizo za udhibiti zinavuta mkondo kidogo unaofuata sauti. Zikiendeshwa na chanzo chenye ukinzani mkubwa, upotoshaji unapanda.

VCA zote mbili zipate volti yao kutoka nukta moja. Kuna michoro inayogawa volti hiyo kwa jozi mbili za rezista, moja kwa kila chaneli. Rezista za asilimia 1 zikipishana vibaya, chaneli moja inaweza kushuka desibeli 10 na nyingine 10.2, na kila kiki (ngoma kubwa ya mguu) ikipigwa picha ya stirio inasogea kidogo pembeni. Mgawanyo mmoja, opampu moja, waya mmoja. Chipu zenyewe ziwe jirani na mbali na kipoza joto, kwa sababu kipimo cha milivolti 6.1 hubadilika kwa asilimia 0.33 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Zikipata joto sawa, zitabadilika pamoja.

Jambo jingine la VCA ni kapasita ya kuingilia, kwa kawaida mikrofaradi 10 mbele ya rezista ya kiloohmu 20. Usiiondoe kwa kuambiwa kwamba sauti itakuwa safi zaidi. Volti tuli yoyote ikiingia kwenye VCA hupandishwa na kushushwa pamoja na sauti, na utasikia kishindo kidogo, tup, kila kompresa inaposhika. Kwa thamani hizo kikomo cha chini ni hertzi 0.8, kwa hiyo besi yako haiguswi.

Kuhusu rezista: ndiyo, asilimia 1 za filamu ya metali zinatosha karibu kila mahali. Pasipotosha ni kwenye ingizo la balansi, lile linalopokea sauti kwa nyaya mbili zinazopingana. Ukijenga ingizo hilo kwa opampu na rezista nne za asilimia 1, katika hali mbaya kabisa uwezo wake wa kukataa kelele ya pamoja, ile inayoingia sawa kwenye nyaya zote mbili, unaweza kuwa desibeli 34 tu. Kwa kazi ya studio hiyo ni duni. Ama utafute rezista za asilimia 0.1, zitakazokupandisha hadi 54, ama utumie chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama THAT 1240 au INA134, ambazo rezista zake husawazishwa ndani kwa leza. Mimi nachagua chipu. Mahali pengine pa kuangalia ni rektifaya ya njia ya pembeni, inayogeuza wimbi lote liwe la upande mmoja: rezista zake zipime kwa multimita na uchague zinazofanana, ili nusu ya juu na nusu ya chini ya wimbi zipimwe sawa.

Tuingie sasa kwenye muda, ambako nakuomba utulie.

Kwenye meza za Solid State Logic za mfululizo wa 4000, kompresa hii ilikuwa na uwiano wa aina tatu: 2, 4 na 10 kwa 1. Sauti ikivuka kizingiti (kiwango ambacho kompresa huanza kushusha) kwa desibeli 8, uwiano wa 4 unairuhusu kuvuka kwa desibeli 2 tu, kwa hiyo VCA imeshusha 6, na waya wako wa udhibiti una milivolti 36.6. Muda wa kushika, yaani ataki, unaanzia milisekunde 0.1 hadi 30. Muda wa kuachia, yaani rilisi, ni sekunde 0.1, 0.3, 0.6 au 1.2, na nafasi ya mwisho ni ya otomatiki. Vyote hivi, ukifungua kasha, ni kapasita chache na rezista zilizozunguka swichi.

Chukua kapasita ya mikrofaradi 0.47. Ukiijaza kupitia rezista ya kiloohmu 2.2, muda wake ni kama milisekunde 1, na kwa kiloohmu 22 ni kama 10. Ukiiacha imwage chaji kupitia kiloohmu 220 ni sekunde 0.1, na kupitia megaohmu 2.2 ni sekunde 1. Hapo kwenye megaohmu ndipo makosa yanapojificha. Kapasita ya elektroliti ina mvujo wake wa ndani. Mvujo huo ukiwa sawa na megaohmu 2.2, sekunde yako moja imeshakuwa nusu. Weka kapasita ya filamu, polipropilini au poliesta. Opampu inayosoma volti ya kapasita hiyo iwe ya FET (aina ya transista ambayo ingizo lake karibu halivuti mkondo), kama TL072. Ukichomeka NE5532 hapo kwa kuwa ina jina zuri, mkondo unaovuja kwenye ingizo lake ni takriban nanoampia 200, na nanoampia 200 kwenye megaohmu 1 ni volti 0.2. Kizingiti kitahama, rilisi itapotoka, na mshale wa mita hautarudi sifuri.

Kisha safisha bodi. Ule ute wa kahawia unaobaki baada ya kuchomea risasi hunasa unyevu, ukapitisha mkondo kidogo. Kwenye njia ya sauti pengine hautaathiri kitu, lakini kuzunguka kapasita ya muda unakuwa rezista ya ziada ambayo haimo kwenye mchoro. Chukua mswaki wa zamani na spiriti ya isopropili, sugua upande wa chini mpaka shaba na risasi ing'ae bila utando, uache ikauke kabisa kabla ya kupima. Kompresa yangu ya kwanza ilikuwa ikiachia haraka siku za mvua kuliko siku za jua. Nilibadilisha swichi, nikabadilisha opampu, na dawa ikawa mswaki.

Rilisi ya haraka ina gharama yake pia. Noti ya besi ya hertzi 50 ikisharektifaiwa ina vilele viwili kwa kila mzunguko, kimoja kila milisekunde 10. Rilisi ikiwa sekunde 0.1, volti ya udhibiti inashuka kwa kama asilimia 10 kati ya kilele na kilele. Kama ulikuwa umeshusha desibeli 10, basi sauti inapanda na kushuka desibeli 1 mara 100 kwa sekunde, na sikio linausikia mpando huo kama mkwaruzo kwenye besi. Si hitilafu, ni hesabu tu. Hapa ndipo rilisi ya otomatiki inapong'aa. Ndani yake kuna kapasita mbili zilizofuatana, ndogo yenye kumwaga haraka na kubwa yenye kumwaga polepole. Pigo fupi hujaza zaidi ile ndogo, na kompresa inaachia upesi. Kiitikio kikipanda na kukaa juu kwa muda, ile kubwa nayo inajaa taratibu na kuishikilia miksi chini kwa utulivu. Nikiambiwa nichague nafasi moja tu ya swichi ya rilisi nibaki nayo maisha yote, nitachagua hiyo.

Ongeza na kichujio cha kukata besi kwenye njia ya pembeni, hata kama mchoro wako hauna. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 na rezista ya kiloohmu 16 hukata chini ya hertzi 100 hivi. Weka swichi ya kukiingiza na kukitoa. Kiki nzito haitaburuta tena matoazi na waimbaji kila inapopiga, na besi ya miksi yenyewe haipungui, kwa sababu kichujio kiko upande wa kusikiliza tu.

Angalia pia bodi yako inasikilizaje chaneli mbili. Michoro rahisi hujumlisha kushoto na kulia kabla ya rektifaya. Sauti iliyo katikati, ikiwa sawa pande zote mbili, inakuwa maradufu, desibeli 6 zaidi. Gitaa lililo upande mmoja linahesabiwa mara moja tu, na sauti zilizopishana fazi zinafutana, kompresa haizioni kabisa. Kama bodi yako ni ya hivyo itafanya kazi, na wapo wanaoipenda, lakini mimi hutengeneza rektifaya mbili zilizokutanishwa kwa dayodi, ili upande wenye nguvu zaidi ndio uamue.

Haya, moshi. Umeme wa ukutani ndio sehemu pekee ya mradi huu inayoweza kukuua, kwa hiyo hapa sina mjadala. Waya wa ethi uingie na kufungwa kwenye kasha la chuma kabla ya kingine chochote, kwa skrubu yake yenyewe. Fyuzi iwe kwenye laini, yaani waya wenye umeme, mbele ya swichi. Usiukate waya wa ethi kamwe kwa ajili ya kuondoa mvumo, hata kwa kujaribu. Ukitumia transfoma ya duara, ile bolti ya katikati isiguse chuma cha kasha pande zote mbili, juu na chini. Ikigusa, umetengeneza mzunguko mmoja wa waya mnene uliojifunga, na transfoma itaungua.

Kwa volti chanya na hasi 15, regyuleta za 7815 na 7915 zinatosha, ila zisome vizuri: pini zake hazipangani sawa. Ukizitazama usoni, 7815 ni ingizo, ardhi, tokeo, na 7915 ni ardhi, ingizo, tokeo. Na bati la mgongoni mwa 7915 halijaunganishwa na ardhi, limeunganishwa na ingizo lake la hasi. Ukiifunga kwenye kasha bila karatasi ya maika na kikombe cha plastiki kwenye skrubu, umeshaunguza kitu.

Siku ya kuwasha isiwe moja, ziwe nyingi. Kwanza washa usambazaji wa umeme peke yake, ukiwa umetanguliza balbu ya nyuzi ya wati 40 kwa mfululizo kwenye laini. Balbu ikimweka kidogo kisha ikafifia, ni salama; ikibaki inawaka, zima utafute kosa. Halafu unganisha bodi huku soketi zote zikiwa tupu, upime volti: pini 8 na 4 kwa opampu mbili-mbili kama NE5532, pini 7 na 5 kwa 2180. Kila soketi ikisoma 15 kwa alama sahihi ndipo uzime, usubiri kapasita zimwage chaji, na kuchomeka chipu za njia ya sauti tu.

Hapo sasa lifanye jaribio ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote. Njia ya pembeni ikiwa bado haina opampu, unganisha waya wa udhibiti na ardhi, peleka mlio wa hertzi 200 wenye volti 1, na upime tokeo. (Chagua 200 na si 1,000, kwa kuwa multimita nyingi za kawaida hudanganya masafa yakipanda.) Upate volti 1 au karibu nayo, chaneli zote mbili. Kisha utoe waya kwenye ardhi, chukua rezista ya kiloohmu 24 kutoka chanya 15 na ya ohmu 100 kwenda ardhini, na nukta yao ya kati, yenye milivolti 62 hivi, iguse waya wa udhibiti. Tokeo lishuke hadi kama volti 0.31. Ni desibeli 10 zile tulizokariri. Kama kushoto na kulia zimeshuka sawa, VCA zako ni nzima na zinalingana, na kuanzia hapo kosa lolote litakalotokea liko kwenye njia ya pembeni. Umeshaigawa mashine katikati, na nusu moja umeithibitisha.

Kisha ndipo uchomeke njia ya pembeni na kuutazama mshale. Ukisikia mvumo, sikiliza ni wa aina gani. Mzito wa 50 ni uga wa sumaku wa transfoma, kwa hiyo izungushe au uisogeze. Mkali zaidi wa 100 unatoka upande wa rektifaya na kapasita za umeme, au ardhi ya kapasita hizo imechanganywa na ardhi ya sauti. Penye umeme wa hertzi 60, hesabu 60 na 120.

Mwishoni cheza miksi unayoijua, uwiano 4, ataki milisekunde 10, rilisi ya otomatiki, ushushe kizingiti mpaka mshale ucheze kati ya desibeli 2 na 4. Rudisha kiwango kwa kitufe cha kuongeza hadi ulingane kabisa na muziki usiopitia kompresa, ndipo uwashe na kuzima. Usipolinganisha, sikio litapenda chenye sauti kubwa, na utakuwa umesikia kitufe kile tu.

Ukikwama kwenye jaribio la desibeli 10, niandikie volti ulizozipata kwenye pini 3, 5 na 7 za kila VCA, na ulichopima kwenye tokeo la kila chaneli. Kwa namba hizo naweza kukuambia uanze kutafuta upande gani wa bodi.